Katuni za Mashujaa wa Kike: Uanze na Kipi Ukiwa Tanga

Ukiwa na shilingi 40,000 mkononi na hujawahi kununua katuni ya shujaa wa kike hata moja, nunua juzuu ya kwanza ya Ms. Marvel, ile iitwayo No Normal. Jibu hilo nimelitoa mara nyingi kwa wasichana wa Chumbageni na Makorora wanaonisimamisha njiani wakiniona na kitabu kwapani. Hapa nitaeleza sababu zake, nitaje vingine vinne kwa mpangilio wangu, na niseme kidogo kuhusu namna ya kununua, maana pesa nyingi hupotelea hapo kabla hujafika kwenye hadithi.

Mimi nimekulia Ngamiani na katuni za jarida la Sani. Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili niliwajua kabla sijajua kusoma vizuri. Kaka yangu alikuwa akinisomea barazani jioni. Niliwapenda na bado nawapenda. Ila nilikuwa mtoto wa kike, na nilitamani kumwona mtoto wa kike akiinua gari kwa mikono yake.

Nunua juzuu, usinunue toleo moja moja

Katuni za Marekani hutoka kwa matoleo membamba, kwa kawaida moja kila mwezi, kila moja na hadithi ya kurasa 20 hivi, kwa dola 3.99 au zaidi. Baadaye matoleo matano au sita hukusanywa yakawa juzuu moja yenye mgongo, ambayo bei yake huwa kati ya dola 15.99 na 19.99. Hesabu dola kwa shilingi 2,500: toleo moja ni karibu shilingi 10,000, matano ni 50,000, na juzuu yenye matano hayo hayo unaweza kuipata kwa 40,000, kabla ya nauli ya mzigo. Isitoshe, toleo moja hukuacha hadithi ikiwa njiani. Kwa mkazi wa New York anayepita dukani kila Jumatano hilo si neno. Kwetu sisi tunaosubiri ndugu aje na begi, au kifurushi kishushwe kwenye basi pale Kange, ni mateso.

Juzuu nayo ina mtego wake, ambao mimi ulininasa. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni “Ms. Marvel, juzuu ya kwanza”. Kikaja kitabu chenye jina hilo na namba hiyo hiyo, lakini ndani yake alikuwamo Carol Danvers, shujaa mwenye nywele za dhahabu aliyelitumia jina hilo kabla ya Kamala Khan ninayemsifu hapa, kutoka mfululizo ulioanza mwaka 2006. Jina sawa, namba sawa, mtu siye. Kampuni za katuni za Marekani, kama Marvel na DC, huanzisha upya mifululizo na kurudia namba moja kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo, kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji picha tatu: jalada la mbele, jalada la nyuma lenye ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu), na ukurasa wa ndani unaotaja waandishi na matoleo yaliyokusanywa. Muuzaji anayesita kupiga picha tatu, mwache.

1. Ms. Marvel, juzuu ya kwanza

Hakikisha jina la mwandishi ni G. Willow Wilson na mchoraji ni Adrian Alphona. Mfululizo huu ulianza mwaka 2014, na juzuu hii ikapata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi na za kubuni, mwaka 2015.

Kamala Khan ana miaka 16, ni Mwislamu, wazazi wake wametoka Pakistani, na wanaishi Jersey City. Kitabu kinaanzia dukani, akinusa nyama ya nguruwe ambayo hawezi kuila. Anataka kujua harufu tu. Tangu ukurasa huo mmoja unamjua. Kaka yake Aamir ameshika dini hadi baba anamkumbusha kutafuta kazi. Rafiki yake Nakia amejitanda hijabu. Msikitini anabishana na shekhe kuhusu wanawake kukaa nyuma ya pazia, halafu anarudi nyumbani akiwa bado Mwislamu yule yule. Nimesoma vitabu vingi ambamo msichana wa Kiislamu hana budi kuchagua kati ya nyumba yake na uhuru wake. Kamala anagombana na nyumba yake bila kuikana.

Nguvu zake zinamjia usiku alipotoroka kwenda kwenye sherehe aliyokatazwa. Ukungu unaufunika mji, naye anaamka akiweza kubadili umbo. Cha kwanza anachojigeuza ni kuwa Carol Danvers, mrefu, mweupe, mwenye nywele za dhahabu, kwa sababu ndivyo alivyodhani shujaa anapaswa kuonekana. Buti zinambana, vazi linamkera. Muda mfupi baadaye anamwona msichana mwenzake akizama majini, msichana aliyekuwa akimdhihaki, na inamjia aya ambayo baba yake huisema: atakayeiokoa nafsi moja ni kama amewaokoa watu wote. Ni aya ya 32 ya Suratul Maida. Mtoto yeyote wa madrasa za hapa kwetu anaijua, na niliposoma kurasa zile niliweka kitabu chini nikatulia kwanza.

Baadaye Kamala anajishonea vazi lake kutokana na burkini, vazi la kuogelea la stara. Binti wa kaka yangu, aliye kidato cha pili, alipofika hapo aliniita. “Shangazi, baba yake huyu anasema kama baba!” Nikamwambia ndiyo, mwanangu, endelea.

Kiingereza chake ni cha vijana na kina utani wa mitaani, kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza atahitaji mtu wa kumuuliza maneno mawili matatu. Ukikipenda, chukua juzuu ya pili, Generation Why, ambamo shekhe yule yule anampa ushauri ambao sitausema.

2. Shuri

Mfululizo wa mwaka 2018, mwandishi Nnedi Okorafor, mchoraji Leonardo Romero. Juzuu ya kwanza inaitwa The Search for Black Panther na ina matoleo 1 hadi 5. Mfululizo mzima una matoleo 10 tu, yaani juzuu mbili ukamaliza. Hiyo ni sifa kubwa kwa mfuko wa mtu wa kawaida.

T'Challa, kaka yake Shuri na mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, ndiye shujaa aitwaye Black Panther, naye amepotelea angani. Wanawake wa Wakanda wanakutana kwa siri, katika baraza linaloitwa Mkonga wa Tembo, wakimtaka Shuri avae vazi la Black Panther, naye hataki. Yeye anapenda maabara yake. Kikao kile cha wanawake wenye umri na maneno machache kila mwanamke wa Tanga aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kupanga harusi atakitambua. Kimekuwa cha pili kwa sababu moja: msomaji asiyeijua Wakanda kabisa atajikuta ameingia kwenye mazungumzo yaliyoanza zamani.

3. Moon Girl and Devil Dinosaur

Mtoto akiwa na miaka 8 hadi 12, kipandishe hiki kiwe cha kwanza. Lunella Lafayette ana miaka tisa, ni msichana mweusi wa New York mwenye akili kuliko walimu wake, na rafiki yake ni dinosaria mwekundu. Michoro ya Natacha Bustos ni safi na Kiingereza chake ni chepesi. Juzuu ya kwanza ni BFF.

4. Wonder Woman

Huyu ndiye bibi yao. Alitokea mwaka 1941, mikononi mwa mwanasaikolojia William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter. Umri huo ndio shida ya mnunuzi: miaka zaidi ya 80 ya hadithi, utaanzia wapi? Anzia kwenye Year One, ya Greg Rucka na Nicola Scott. Mgongoni imeandikwa juzuu ya 2, usiogope. Ni hadithi ya mwanzo wake, alivyotoka kisiwani kwao akaingia katika ulimwengu ambao hajui hata lugha zake, na inasomeka yenyewe bila juzuu ya 1.

Kwa Wonder Woman kuliko kwa wengine wote, tazama kurasa za ndani kabla ya kumnunulia mtoto. Wapo wachoraji waliomchora kama picha ya ukutani ya gereji, na jalada zuri halikuhakikishii yaliyomo. Mwaka 1999 Gail Simone, kabla hajawa mwandishi mkubwa wa katuni, alikusanya orodha ndefu ya wahusika wa kike waliouawa, kujeruhiwa au kunyang'anywa nguvu katika katuni hizi. Baadaye akaja kumwandika Wonder Woman mwenyewe. Nicola Scott anamchora mwanamke mwenye misuli na mabega, na anayetabasamu kwa sababu amefurahi.

5. Storm

Moyo wangu uko kwake, na inaniuma kumweka wa tano. Ororo Munroe alitokea mwaka 1975. Mama yake ni Mkenya, N'Daré. Baba yake ni Mmarekani. Wanafia Cairo chini ya kifusi, na mtoto aliyefukiwa pamoja nao anakua akiogopa mahali finyu, yeye ambaye ndiye mwenye kuamuru upepo na mvua. Anatoka Misri kwa miguu hadi Serengeti. Kumbukeni Serengeti iko wapi! Waandishi wake wengi wameichukulia Afrika Mashariki kama uwanda mmoja usio na mipaka, na hilo linanikera, lakini nilipoliona jina lile kwenye katuni ya Marekani nilijiona nami nimo.

Tatizo lake ni kwamba maisha yake yametawanyika katika mamia ya matoleo ya X-Men, kundi la mashujaa alimo, pamoja na wahusika wengine lukuki. Mfululizo wake mwenyewe wa mwaka 2014, ulioandikwa na Greg Pak, una matoleo 11 tu, na juzuu ya kwanza ni Make It Rain. Mnunue akiwa wa pili au wa tatu, ukishazoea.

Simu, na kurasa za kuchapisha stationari

Programu ya Marvel Unlimited imekuwa ikitozwa takriban dola 10 kwa mwezi, nayo ina katuni zaidi ya 30,000. Wanne kati ya watano niliowataja ni wa Marvel. Wonder Woman ni wa DC, humkuti humo. Lipia mwezi mmoja, onja, kisha nunua kitabu cha karatasi cha yule uliyempenda. Ukitumia Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon, kumbuka kifaa cha kawaida kinaonyesha nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo soma kwa simu au tableti.

Usipeleke faili la wizi stationari wakakuchapie kurasa za kijivu. Mchoraji hapati kitu, na dinosaria mwekundu wa Lunella anageuka jivu. Mtoto anayekutana naye hivyo hatarudi.

Kitabu kikishafika, kiweke mbali na ukuta wa nje. Hewa ya bahari ya hapa kwetu inakunja kurasa za kung'aa na kuzitia ukungu ndani ya masika moja. Kisimamishe kwenye kabati kavu, na kila mwezi kifungue upepo upite. Na andika jina lako kwa ndani kabla hujaazima. Juzuu yangu ya kwanza ya Kamala iko Raskazone, kwa msichana wa tatu sasa.