Kulea watoto watatu ghorofa ya tano South C: uzoefu wangu

Kama una watoto na unafikiria kununua nyumba ndani ya ghorofa hapa Nairobi, kagua chini kabla hujapanda lifti. Vyumba vya kulala vinafanana kila mahali, na ajenti atakuonyesha vigae na makabati ya jikoni mpaka uchoke. Malezi ya wanao yatategemea zaidi maji, uwanja, lifti na majirani mtakaochanga nao pesa. Nasema haya kwa sababu ndiyo maisha yetu tangu tulipohama Kitengela, mji ulio nje ya Nairobi, na kuja South C: mimi, mume wangu, watoto watatu na dada anayetusaidia kazi, vyumba vitatu, ghorofa ya tano.

Kitengela tulikuwa na nyumba yetu yenye kiwanja, kuku na mapapai nyuma ya jiko. Sina neno baya juu yake. Kilichotutoa ni barabara. Gari la shule lilipita saa kumi na moja kasorobo alfajiri, na binti yetu mkubwa alikuwa akinywa uji macho yamefumba. Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, ilipofunguliwa mwaka 2022 iliwafaa wanaoweza kuilipia asubuhi na jioni. Sisi tulibaki chini kwenye foleni ya Mombasa Road, na baba yao alifika nyumbani wamekwisha kulala. Sasa wanaamka saa kumi na mbili kukiwa kumepambazuka, na siku za wiki tunakula chakula cha jioni pamoja mezani. Kwangu mimi hilo limefidia kiwanja chote tulichoacha.

Maji nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu yanawagusa watoto moja kwa moja na wanunuzi wengi hawaulizi. Jengo letu lina maji ya mfereji na kisima kirefu. Maji ya mfereji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, nayo huja kwa mgao. Yakikatika, pampu ya kisima hujaza matangi ya juu ya paa, na ukifungua bomba huoni tofauti. Ajenti akitaja kisima watu hufurahi, wakidhani shida ya maji imekwisha. Lakini Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, na visima vingi vya hapa vina floraidi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, yataota na madoa meupe au ya kahawia, na mswaki hauyatoi. Kuchemsha nako hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Kabla hatujalipa hata amana, nilimwomba mwenyekiti wa jengo karatasi ya maabara ya kisima. Alinitolea bila kusita, jambo lililonifanya nimwamini, na floraidi ilikuwa juu ya kiwango. Basi maji ya kisima tunaogea, tunafulia na kumwagia choo. Ya kunywa na ya kupikia uji wa mdogo tunakinga siku za mgao kwenye bomba lililo karibu na geti, kabla hayajaingia tangini na kuchanganyika, na siku zisizo na mgao tunanunua mitungi ya lita 20. Gharama ya hiyo mitungi iweke kwenye hesabu zako mapema. Na ukiambiwa karatasi ya vipimo haipo, jaza chupa mwenyewe upeleke maabara. Ni pesa kidogo ukilinganisha na meno ya mtoto.

Uwanja ulituletea kesi. Tulipohamia, ukutani karibu na maegesho kulikuwa na maandishi mekundu: HAKUNA MPIRA. Watoto walikuwa wakicheza kwenye ngazi, kelele zinapanda hadi juu, na kila jioni simu za malalamiko. Mimi na Mama Salim wa ghorofa ya pili tukaomba jambo hilo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa wenye nyumba. Waliokuwa na magari mapya walipinga kwa nguvu. Aliyewashinda ni mzee wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu, ambaye dirisha lake ndilo lililowahi kupasuliwa. Akasema, "Jamani, mkiwafukuza hapa watautafuta mpira barabarani. Sogezeni magari." Tukakubaliana kwamba kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni upande wa ukutani uachwe wazi, geti la magari lifungwe mpaka soja aangalie nyuma yake, na mpira uwe ule laini. Maandishi yakapakwa rangi. Siku hizi watoto wa ghorofa zote wanajuana kwa majina, na wangu wakimwona yule mzee wanakimbilia kumpa shikamoo. Kitengela walikuwa na nafasi kubwa kuliko hii lakini walicheza peke yao ndani ya ua. Hata hivyo, mtoto anahitaji nyasi na udongo. Jumapili nyingi tunawapeleka msitu wa Karura wakimbie na kuendesha baiskeli mpaka wachoke.

Madirisha na roshani sikusubiri jambo litokee. Fundi alitia grili kila dirisha, na kwenye roshani akaipandisha kupita urefu wa mtoto aliyesimama juu ya kiti. Ila grili isiyofunguka ni hatari nyingine moto ukizuka, kwa hiyo dirisha la chumba cha watoto na la sebuleni yana mlango mdogo wa kufuli, na ufunguo unaning'inia mahali anapofikia mtu mzima. Viti na ndoo haviwekwi roshani. Mtungi wa gesi unakaa nje, na mpira wake hubadilishwa ukianza kukauka.

Sasa pesa za pamoja. Tunalipa shilingi 9,000 kila mwezi kwa ajili ya walinzi, usafi, taka, lifti, jenereta na pampu. Ni nyingi, lakini usiku wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipozimikiwa na stima, jenereta yetu iliwaka na maji yakaendelea kupanda. Upande wa pili tuliuona baadaye, lifti ilipoharibika na fundi akataka malipo kwanza. Mfuko ulikuwa mtupu, kwa sababu kuna wenye nyumba waliokuwa hawajalipa kwa miezi mingi. Jirani yetu mjamzito alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na sisi tukabeba mdogo mgongoni na mitungi mkononi. Nilikasirika, na bado naona ni dhuluma kwa jirani kukaa bure kwa jasho la wenzako.

Kwa hiyo usiangalie kiwango cha ada peke yake. Omba kuona nani amelipa na nani anadaiwa, na pesa ngapi zimewekwa akiba kwa matengenezo makubwa. Uliza pia habari ya hati. Zamani wanunuzi wengi walipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi, ardhi ikibaki kwa kampuni ya usimamizi. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo (Sectional Properties Act) ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, inampa mwenye nyumba hati ya sehemu yake, na wenye nyumba wote wanakuwa shirika moja lenye kusimamia paa, ngazi, lifti na uwanja. Kesi yetu ya mpira tuliimaliza wenyewe kwa sababu mamlaka yalikuwa mikononi mwetu. Mahali ambapo mwenye kujenga bado ndiye anayeamua kila kitu, mzazi hana pa kusemea. Na kibali cha kaunti cha watu kuingia kuishi lazima ukione kwa macho yako. Sisi tunaokumbuka jengo lililoanguka mtaa wa Huruma hapa Nairobi Aprili 2016 hatuwezi kukubali kuambiwa kiko njiani.

Kelele zipo. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson zinapita, na Jumamosi jirani wa juu hutwanga vitu kwenye kinu tangu asubuhi. Tumezoea. Kuanika nguo za watu sita ni kazi, maana kamba za paa zina zamu, na msimu wa mvua sare za shule tunazimalizia kwa pasi.

Tusichoweza kukizoea ni nafasi ya binti mkubwa. Anaingia umri wa kutaka mlango wake wa kufunga, na chumba analala na mdogo wake. Tunaangalia vyumba vinne ndani ya jengo hilihili, na mwenyekiti ameahidi kutuambia wa kwanza mtu akitaka kuuza.