Ujumbe wa sauti wa WhatsApp: unafaa kiasi gani kwa mtu mpweke?

Kwa mtu mpweke, kitu chenye thamani kuliko vyote ndani ya WhatsApp ni ile maikrofoni ndogo pembeni ya sehemu ya kuandika. Ipo tangu 2013, na wengi bado wanaitumia ovyo.

Bonyeza bila kuachia, kisha telezesha kidole juu hadi kwenye kufuli. Mkono unabaki huru. Ukikosa neno, sitisha, kisha endelea. Sikiliza kabla ya kutuma, lakini usirekodi upya kila ukikwama: pumzi, kusitasita na kicheko ndivyo vitu ambavyo maandishi hushindwa kubeba. Dakika moja inatosha. Zikifika tano hiyo ni hotuba, na msikilizaji ataongeza kasi mara 2, usikike kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

Kasoro kubwa ni alama ya maikrofoni iliyo kwenye ujumbe uliotuma kugeuka bluu ukishasikilizwa. Hata ukizima alama za kusomwa, hii haizimiki. Mpweke anaiona bluu asubuhi, jioni bado hajajibiwa, na ukimya huo unauma kuliko kutosikilizwa kabisa. Kinachosaidia ni kumalizia kwa swali jepesi: "Mguu unaendeleaje?" hujibiwa upesi kuliko "Nipe habari zako."

Simu ya video hubeba hadi watu 32, umati usiomfaa mpweke, wawili wanatosha. Na mkishatumiana sauti tatu nne mfululizo, acha kurekodi. Piga.