Nililipia ramani ya vita nimtafute babu, nikaambiwa nichague ofisa

Nyota moja. Ingewezekana kutoa nusu, ningetoa nusu.

Huduma yenyewe wengi mmeiona ikitangazwa. Unawapa jina la mzee wenu aliyefia vitani, wanachukua ramani ya kijeshi ya wakati ule, wanailaza juu ya picha ya setilaiti ya leo, kisha wanakuwekea alama nyekundu pale alipoanguka. Jina la kampuni silitaji, sina hamu ya kesi.

Mzee wangu ni baba yake bibi mzaa mama. Alikuwa mpagazi wa Waingereza, akafia Mahiwa, huko Lindi, Oktoba 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia. Bibi alitusimulia hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini: alichukuliwa Uzaramo, akapitishwa kambi ya wapagazi pale lilipo soko la Kariakoo leo, akapakiwa melini, basi.

Nikalipa. Fomu yao inadai namba ya askari na jina la kikosi, na ukiacha wazi haikupeleki mbele. Nikapiga simu. Akapokea kijana, Mtanzania mwenzangu kabisa, nikamweleza taratibu kama ninavyomweleza mwanangu. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mama, hao walikuwa wabeba mizigo tu. Sisi tunatafuta wapiganaji." Na pesa yangu? Hairudi. Ila, akasema, naweza kuchagua ofisa yeyote aliyefia karibu na hapo, watanitengenezea ya huyo. "Eneo si ni lile lile, mama?"

Yaani nimwokote mzungu wa watu kwenye orodha, nimwite babu! Nilikata simu kabla sijasema maneno ambayo mtu wa umri wangu hayasemi.

Hebu nimjibu hapa basi. Mahiwa walipigana siku nne, tarehe 15 hadi 18. Jeshi la Waingereza, watu kama 5,000, lilipoteza zaidi ya nusu yao kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea, mbele ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lililokuwa kama watu 1,500, askari wake wengi wakiwa Waafrika wenzetu. Sasa risasi zilifikaje pale? Punda na farasi walikuwa wanateketea kwa mbung'o. Zilifika kichwani mwa watu, ratili 50 kila mmoja na ushee, tumbo likiwa na uji wa mahindi ambao haukuiva vizuri. Wengi waliuawa na kuhara na homa kuliko bunduki. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa karibu 100,000.

Na namba walikuwa nayo, kijana. Walivishwa kisahani cha bati shingoni. Serikali ilizijua namba hizo vizuri, maana baada ya vita ilijua kabisa kuwa kuna mishahara ya marehemu haijalipwa. Warithi ndio "hawakupatikana", na pesa ikabaki huko huko. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mimi napita kila siku pale Sanamu ya Askari, Posta, Dar es Salaam. Imeandikwa tangu 1927 kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu yote ulitafute hilo jina.

Haya. Baada ya kelele nyingi akaja mkubwa wake, mpole kidogo, wakanitumia walichokiita kifurushi cha eneo. Ripoti inaeleza matope mpaka magotini na baridi ya kugandisha vidole. Lindi! Mwezi wa kumi! Wamenakili kazi yao ya uwanja wa vita wa Ufaransa wakabadilisha jina la mahali. Alama nyekundu imezungushiwa duara la "mita 50". Kwa Ufaransa sawa, ramani za Waingereza za mahandaki zilikuwa za kipimo cha 1 kwa 10,000, zimekatwa miraba ya herufi na namba, mtu anaweza kukuonyesha kona ya handaki. Hii waliyonipa ni ya Wajerumani, 1 kwa 300,000. Milimita moja ni mita 300. Hiyo mita 50 yao ni moja ya sita ya milimita, ncha ya penseli peke yake inaimeza. Tena wameilaza vibaya: mto Lukuledi unapita juu ya mapaa ya misheni ya Nyangao, jirani na Mahiwa.

Lakini niseme kweli, ramani yenyewe imenitoa machozi. Niliichapisha kwenye karatasi kubwa nikaenda nayo Nyangao. Wajerumani waliandika vijiji kwa majina ya majumbe, na njia za miguu wamezichora moja moja. Mzee mmoja wa pale akavaa miwani, akapitisha kidole, akasimama kwenye jina: "Huyu ni wa ukoo wetu." Akaniongoza kwenye njia ile, sasa iko katikati ya mikorosho, inateremkia mtoni. Ndiyo njia ya kubebea mizigo, akasema, wazee wake walivikimbia vita hivyo wakalala porini. Nilitembea mpaka maji. Ilipo alama nyekundu ni shamba la mihogo la mtu, mwenyewe alitushangaa tu.

Kwa hilo natoa nyota nne.

Halafu nakumbuka ile simu, zinarudi mbili. Na ramani hizo hizo maktaba za Ulaya zimeshaziweka kwenye intaneti, unaangalia bila senti, kwa hiyo nililipia nini hasa? Duara? Moja, iwe moja.

Ila wakiurekebisha huo mto, na yule kijana akihamishwa kwenye simu, huenda nikawalipa tena kwa ramani ya pande za Masasi. Babu alikuwa na mdogo wake aliyepelekwa huko. Mwenye nayo iliyo safi aniambie kabla sijawapigia.