Rangi ya kava ya injini: usiulize inang'aa vipi, uliza inaokwa kwa nyuzi ngapi

Nimelipia kava ya valvu iliyopinda, kile kifuniko cha aluminiamu kinachokaa juu ya injini. Ni ya Toyota Corolla Levin yangu ya 1996, injini ya 4A-GE ya valvu 20, ile ya kava nyeusi. Ilirudi kutoka kupakwa rangi ya poda, ule unga unaopulizwa kisha kuokwa kwenye oveni, ikiwa inameta kama sufuria ya bibi harusi. Nikaifunga na gasketi mpya. Siku ya tatu harufu ya oili inayoungua ikajaa ndani ya gari, na nilipofungua nikakuta visima viwili vya plagi, yale mashimo katikati ya kava plagi zinamokaa, vimelowa. Nikailaza kifudifudi juu ya meza ya kioo, nikazima taa, nikamulika tochi ya simu upande wa pili. Mwanga ukapita chini ya ukingo, katikati kabisa, pale pale kwenye visima.

Kupaka, fundi alipaka vizuri. Shida ni alivyoitoa rangi ya zamani: aliichoma kwa moto wa gesi, eti kupiga msasa kunachelewesha kazi. Chuma cha kawaida kikizidiwa na moto hugeuka chekundu ukakiona. Aluminiamu haikupi ishara hiyo. Ikiwa safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na inaanza kulegea na kupinda mapema sana kabla ya hapo huku sura yake ni ile ile.

Kwa hiyo mambo ya rangi gani inakaa miaka mingapi sitayagusa, mmeshayasoma kwingine. Mimi nina swali moja la kumuuliza fundi: joto la kipande chenyewe unapima na nini? Poda ya kawaida huiva kwenye nyuzi kama 200, kwa dakika 10 hadi 20, na saa inaanza kuhesabiwa aluminiamu yenyewe ikifika hapo, si mlango wa oveni unapofungwa. Kipimo cha mlangoni kinasoma hewa tu. Wenye kujiona wa kisasa wanatoa ile bastola ya kupimia joto kwa mbali, na hapo ndipo ninapochoka kabisa, kwa sababu aluminiamu tupu inayong'aa inaidanganya bastola. Kipande kina 200, yenyewe inasoma chini kwa mbali, fundi anaongeza moto. Dawa yake ni kipimo cha waya kinachogusa kipande, au angalau kupaka doa la rangi nyeusi isiyong'aa na kupima hapo. Fundi asiyekuelewa ukimwambia hivyo, chukua kava yako uondoke.

Sasa rangi zenyewe. Namba moja kwangu ni VHT Engine Enamel, rangi ya injini ya kopo la kupuliza. Ndiyo, napendelea, na sioni aibu. Inaiva kwa nyuzi 93 tu, dakika 20, joto ambalo aluminiamu haitalihisi. Ikishaiva inavumilia hadi 288 kwa vipindi, na kava ya valvu haifiki huko. Sugua na msasa, osha mafuta yote, pitisha kitambaa chenye tinna, puliza mikono miwili myepesi kisha wa tatu uliojaa kidogo. Mimi niliioka kwenye oveni ya zamani ambayo sasa ni ya gereji. Usithubutu kuirudisha jikoni. Mama mkwe alinusa mara moja na hadi leo analisema.

Ya pili ni Cerakote ya mfululizo wa H, rangi ya kauri. Inaokwa kwa nyuzi 121, saa mbili, na ni ngumu kuliko VHT, hilo nakiri. Lakini inahitaji bastola ya kupulizia na mkono uliozoea, halafu uagize nje. Kwa kava moja ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu.

Poda naiweka ya tatu, kwa masharti. Zipo poda zinazoiva kwenye nyuzi 160 hivi, omba hiyo. Rangi ya zamani itolewe kwa dawa au msasa, moto marufuku. Sili za visima vya plagi zitolewe kabla, zisije zikaokwa. Kwa kava, kuoka mara moja kwa 200 hakuna neno, maana haibebi mzigo. Rimu na mikono ya saspensheni ni habari nyingine: aluminiamu yake nyingi imekomazwa kwa joto la chini ya hapo, na kila ukiirudisha kwenye oveni unaipunguzia nguvu.

Makopo ya bei chee yasiyo na jina: yananyauka. Basi.

Sasa wauzaji. Dukani niliomba VHT ya injini, jamaa akanipa VHT Flameproof, eti "dada, hii ndiyo kali zaidi, ina 2000." Hiyo ni ya ekzosti! Ili iive inatakiwa kupandishwa kwa hatua hadi nyuzi zaidi ya 300, joto ambalo kava ya aluminiamu haifai kuonjeshwa. Na hiyo 2000 ni farenihaiti, kama ilivyo ile 550 ya kwenye kopo la injini, ambayo ndiyo 288 yetu ya sentigredi. Nikamweleza. Akaniangalia kama nimekuja kumfundisha kukaanga samaki, akanitolea kopo sahihi. Alipochungulia nje akaona ni Levin, bei ikapanda palepale, kopo lile lile, vumbi lile lile juu ya kifuniko. Nimelinunua hivyo hivyo, kwa sababu ndilo lililokuwa limebaki.