Corsair RM750x: inaibeba kadi kubwa ya grafiki au namba za boksi tu?

Watu wengi wakitaka kuongeza kadi ya grafiki wanaangalia kitu kimoja tu, zile wati kubwa kubwa zilizoandikwa kwenye boksi la pawasaplai (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), wakiona zinatosha wanaenda kulipia kadi. Jamani hiyo namba peke yake haitoshi kabisa, na ndo sababu naipenda hii RM750x, pawasaplai ya wati 750 ya Corsair, inachoandika nje ndo kilichopo ndani.

Geuza pawasaplai yoyote ubavuni usome lebo. Utaona volti 3.3, volti 5 na volti 12, sasa kadi na prosesa vyote vinakula kwenye volti 12, hizo nyingine kwenye hesabu hii hazikusaidii kitu. Chukua ampea za volti 12 zidisha kwa 12, hizo ndo wati zako. RM750x ina ampea 62.5, ukizidisha unapata 750 kamili. Sasa chukua pawasaplai iliyoandikwa wati 500 afu kwenye volti 12 ina ampea 30, hapo una wati 360 basi, na kama lebo imegawa volti 12 kwenye njia mbili, 12V1 na 12V2, usijumlishe ampea zake kichwa kichwa, tafuta wati za jumla za volti 12 maana mara nyingi zinakuwa chini ya jumla uliyoipata.

Mi naitumia na RTX 3080, kadi ya grafiki ya Nvidia. Hiyo kadi inakula wati 320, prosesa ya Ryzen 5 5600X inaruhusiwa kufika kama 76, weka mazabodi, ramu, diski na feni tuseme 60 hivi, unakuja kama 460. Mtu atauliza sasa kwa nini Nvidia wanapendekeza 750 kwa 3080? Ni kwa sababu kadi haili umeme kwa utulivu, kuna sekunde ndogo sana inaruka juu kupita kabisa hizo 320, na pawasaplai dhaifu ikikutana na huo mruko inajizima kujilinda, kompyuta inakata ghafla katikati ya gemu wakati ukipima wastani unaona kila kitu kiko sawa. Kwa RM750x sijawahi kuona hiyo, hata gemu nzito ikiwa imefunguliwa muda mrefu.

Kebo nazo ziangalie. Plagi moja ya kadi yenye pini 8 imepangiwa wati 150, ya pini 6 ni 75, na kutoka kwenye sloti ya mazabodi kadi inapata mpaka 75. Kadi ikitaka pini 8 mbili vuta kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, usitegemee ile kebo moja yenye vichwa viwili kwa kadi kubwa kama hii. Na tafadhali sana, kebo za pawasaplai ya zamani usizichomeke kwenye hii hata kama zinaingia vizuri, mpangilio wa pini upande wa pawasaplai unatofautiana na unaweza kuunguza diski zako zote kwa mara moja, hili nalisisitiza kwa kila mtu.

Kisichonifurahisha ni kebo zake, ngumu kukunja kwenye keisi ndogo, na bei yake iko juu kidogo ya wenzake wa wati hizo hizo. Ila una dhamana ya miaka 10, na feni yake mzigo ukiwa mdogo inasimama kabisa kwa hiyo ukiona haizunguki usiogope, ndo ilivyotengenezwa.

Kwa kadi za daraja la 3080 nunua tu. Ila kama unataka RTX 3060, hiyo inakula wati 170 na Nvidia wanasema pawasaplai ya 550 inatosha, kwa hiyo kabla hujatoa hela soma kwanza lebo ya hiyo uliyonayo, inawezekana kabisa huhitaji kubadilisha chochote.