Bastola kiunoni: risasi chemba au chemba tupu?
Wenye leseni hapa Kenya wanabishana sana juu ya hili. Chemba ni pale ndani ya bastola risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Chemba tupu ni kwamba magazini (kibebeo cha risasi) iko ndani lakini lazima ukoki slaidi kwanza, yaani uvute nyuma kile kipande cha juu cha bastola kiingize risasi, ndo ifyatue, wanajeshi wa Israeli walifundishwa hivyo miaka mingi. Risasi chemba, yaani risasi imeshaingia humo, iko tayari muda wote, na bastola aina ya Glock ya kawaida haina swichi ya sefti (kizuizi cha kufyatuka) pembeni, sefti zake tatu zinaachia zenyewe ukivuta triga, sasa hata kamba ya jaketi ikinasa kwenye triga wakati unairudisha kwenye holsta (ala ya bastola) inalipuka, paja lako ndo linaumia.

Kwa mtu mpya mi nasema chemba tupu, ingawa ukivamiwa mkono mmoja umeshikwa kukoki ni kazi ngumu kwelikweli. Ukitaka risasi chemba nunua holsta ngumu inayofunika triga yote, achana kabisa na kuichomeka kwenye suruali bila holsta.

Na kwa njia zote mbili, ukiitoa risasi chomoa magazini KWANZA ndo uvute slaidi, ukigeuza huo mpangilio slaidi inapakia risasi nyingine na we unadhani iko tupu, kwa hiyo kagua chemba kwa macho na kwa kidole.