Pitts S-1C ya kujijengea: uzoefu wangu na michoro, vifaa na gharama zake

Kwa anayetaka ndege ya sarakasi ya kiti kimoja na hana fedha za Extra wala Sukhoi, ndege za sarakasi za bei kubwa, michoro ya Pitts S-1C, ndege yenye bawa la juu na la chini, bado ndiyo ninayoipendekeza kuliko nyingine. Unafuu wake una masharti. Kuna sehemu unaweza kubana matumizi mpaka mwisho, na kuna sehemu ukibana utajuta ukiwa kichwa chini. Wengi wanaoshindwa hubana pale pasipofaa, halafu wanamwaga pesa kwenye rangi na redio.

Curtis Pitts, mbunifu wake, aliirusha ya kwanza katika miaka ya 1940, na ndege ya rubani wa sarakasi Betty Skelton, Little Stinker, sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Michoro ya S-1C ilianza kuuzwa kwa wajenzi wa nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo inapatikana Steen Aero Lab, Florida, pamoja na vipande vilivyokwisha tengenezwa kwa asiyetaka kukata kila kitu mwenyewe. Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu michoro inakuonyesha kipande kilivyo, lakini haikwambii uanze na kipi wala ufanyeje kukiwa na tatizo. Kaa nayo pamoja na AC 43.13-1B, kitabu cha mwongozo wa ukarabati cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, maana mambo mengi ambayo michoro inadhani unayajua yamo humo: aina za viungo, mbao, nati na bolti, kitambaa.

Nafasi si tatizo. Bawa la juu lina futi 17 na inchi 4, kwa hiyo gereji ya gari moja inatosha, mradi uwe na meza bapa iliyosawazishwa na usiyoiondoa hapo mpaka bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, iishe.

Bodi ni mabomba ya chuma cha aloi cha 4130, mengi ya inchi 5/8 na 3/4 yenye ukuta wa inchi 0.035. Hapa pesa zinaokoleka kweli, kwani mabomba si ghali ukilinganisha na mengine yote na kazi ni ya mikono yako. Kuchomelea kwa TIG (umeme na gesi ya kukinga) au kwa gesi ya oksijeni na asetilini, zote zinafaa. Kwa TIG, ncha ya bomba ilale vizuri juu ya mwenzake, bila mwanya wa kuonekana. Mwanya mkubwa unakulazimisha kuongeza joto na waya, na chuma chembamba kinatoboka. Usichomelee penye upepo wala kupoza kiungo kwa maji au hewa ya kompresa. 4130 ikipoa ghafla inakuwa ngumu na kupasuka pembeni ya mshono, si kwenye mshono wenyewe, ndiyo maana ufa hauonekani mpaka baadaye.

Kitu kinachoharibu bodi nyingi ni kupinda. Kila mshono unavuta chuma unapopoa. Shikiza viungo vyote kwa vitone kwanza, bodi nzima, pima mishazari ya kila chumba, teremsha timazi kwenye nguzo ya mkia, kisha ndipo umalizie, ukihama: kiungo kimoja kulia, kingine kushoto, kimoja mbele, kingine nyuma. Anayemaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa wa pili ataishia na mkia uliojisokota, na mkia wa namna hiyo haunyooshwi kwa nyundo. Ukimaliza, tia mafuta ya kitani ndani ya mabomba, yageuze huku na huku, kisha yamwage. Yanazuia kutu, na faida ya pili ni kubwa zaidi: acha bodi ikae usiku kucha, asubuhi pitisha kidole kwenye kila mshono. Palipo na tundu dogo lisiloonekana kwa macho, utakuta alama ya unyevu wa mafuta. Paoshe mpaka pakauke kabisa, kisha uchomelee upya.

Mabawa ni mbao, na hapa ndipo pa kulipa. Boriti za mabawa ni za sprusi ya Sitka ya daraja la ndege. Nyuzi zisipotoke zaidi ya 1 kwa 15, pete zisipungue 6 kwa inchi, unyevu uwe kati ya asilimia 8 na 12. Kuna watu wanaokwenda yadi ya mbao kutafuta ubao "unaofanana". Ninachowaambia ni kwamba mpasuko wa kubanwa, ule mstari mwembamba unaokata nyuzi kwa upana, unaonekana tu ukiumulika kwa tochi ya pembeni, na ubao wenye mstari huo huvunjika mara moja bila kuonya. Nunua boriti kwa muuzaji anayetoa cheti.

Mbavu ni kazi ya kurudiarudia: vijiti vya inchi 1/4, vibao vya pembe vya plaiwudi, gundi, na jigi moja, yaani kiolezo cha kushikilia vipande. Tengeneza jigi nzuri, ipake nta ili gundi isishike, na ubavu wa kwanza utafanana na wa mwisho. Natumia T-88, epoksi inayochanganywa sawa kwa sawa kwa ujazo. Si sawa kwa uzito, na kosa hilo ni la kawaida kwa wenye mizani jikoni. Kila unapochanganya, gundisha vipande viwili vya mabaki, viandike tarehe, na uvivunje kwa nyundo baada ya kukauka. Kinachotakiwa kuvunjika ni mbao. Kama gundi imeachia na mbao ni nzima, kazi yote ya siku hiyo ina shaka. Usibane sana kwa klampu ya fundi. Epoksi ikikamuliwa yote nje, kiungo kinabaki kikavu. Ongeza na hili: epoksi hulegea kwenye joto, kwa hiyo mabawa yapakwe rangi nyeupe au nyepesi. Ndege nyeusi inapendeza kwenye picha, lakini iache juani mchana wa Dar es Salaam au Mombasa uone.

Mashimo ya boriti yatobolewe kwa drili ya ncha kali yenye ubao wa kuegemea nyuma, ili mbao isichanike kwa upande wa kutokea, kisha ndani ya shimo papakwe vanishi. Bati za chuma zinazoshika nyaya za kukaza mabawa zipigwe msasa pembeni mpaka zing'ae. Mkwaruzo mmoja uliokata njia ya mzigo ndio mahali ufa unapozaliwa.

Nyaya zenyewe, zile bapa zenye umbo la tone, zitakushtua kwa bei. Nilishaona watu wakitafuta za mitumba. Sikubaliani nao hata kidogo: waya uliokunjwa mara moja ukanyooshwa hauna historia unayoweza kuisoma. Zikifika, upande mmoja una uzi wa kulia na mwingine wa kushoto, hivyo ukizungusha waya unakaza pande zote mbili. Kila kichwa cha uma kina kitundu cha ukaguzi. Ingiza kiwaya chembamba: kikipenya moja kwa moja mpaka ng'ambo, uzi haujaingia vya kutosha. Weka pembe ya mabawa kwa kipimo cha kidijitali kabla ya kukaza, halafu kaza hatua kwa hatua ukizunguka pande zote. Panapokutana nyaya pawekwe vile vijiti vya kuzishikanisha, la sivyo zitatetemeka hewani na kuchoka kwenye uzi.

Kitambaa ni poliesta, na sina mengi ya kusema: kinasamehe. Sharti ni kipimajoto cha pasi. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha pasi ya nyumbani hazina maana yoyote. Mkazo wa mwisho ni nyuzijoto 350 za Farenhaiti. Ukizidisha sana kitambaa kinalegea na hakirudi. Nafasi za kushona kwenye mbavu zisomwe kwenye jedwali kulingana na kasi ya juu kabisa ya ndege, na ndani ya upepo wa propela mishono ikaribiane zaidi.

Injini ndiyo itakayokula karibu nusu ya bajeti, na ndipo maamuzi yanapokuwa magumu. S-1C inaruka vizuri na Lycoming O-320 ya farasi 150 au 160. Farasi 180 za IO-360 ni tamu, lakini pua inakuwa nzito na bei inaruka. Kwa lupu, kujiviringisha polepole kwenye G chanya (mwili ukikandamizwa kwenye kiti), spini (kushuka ukizunguka) na kugeuka kwenye kilele cha mpando wa wima, kabureta ya kawaida inatosha. Ukigeuka chini juu na kukaa hapo, kabureta ya kuelea inakata na oili inamwagika nje kupitia bomba la kupumulia. Kuruka hivyo kunahitaji mfumo wa kudunga mafuta kwenye injini kwa shinikizo, kama Bendix RSA-5, na mfumo wa oili wa Christen. Vyote viwili ni ghali hata vikiwa mitumba.

Ushauri wangu kwa mwenye mfuko mfupi: ruka kwanza na kabureta, lakini tengeneza tangi tangu mwanzo likiwa na bomba laini lenye uzito mwishoni, lile linalofuata mafuta popote yanapokwenda, pamoja na kifuniko cha kuingiza mkono. Kulikata tangi baadaye ni gharama maradufu. Bomba hilo huwa gumu kadiri linavyozeeka. Kila ukaguzi wa mwaka litoe, lishike kwa usawa, uone kama uzito unalivuta chini mara moja. Likibaki limenyooka, litupe. Ukigeuka kichwa chini litabaki juu likivuta hewa. Kabla ya kuruka pima pia mtiririko wa mafuta mkia ukiwa chini kuliko utakavyopanda: kwa mfumo wa pampu unatakiwa upate angalau asilimia 125 ya kiasi ambacho injini inakunywa kwa nguvu zote.

Propela ya mbao au ya nyuzi za kioo, si ya chuma, kama una nia ya kujiviringisha kwa ghafla au kurushwa kifudifudi. Propela nzito inayozunguka inakataa kugeuzwa, na nguvu hiyo yote inaangukia kwenye shingo ya krankishafti.

Uzito ni adui wa kimyakimya. Ndege nzuri ya aina hii ikiwa tupu ni karibu na pauni 700. Kila kitu kinachoongezwa nyuma ya kiti kinasogeza kitovu cha uzito kuelekea mkiani, na hapo spini inakuwa bapa. Pima kwa mizani tatu, ndege ikiwa imesawazishwa, pamoja na rubani na parashuti yake, tangi likiwa limejaa, kisha tena likiwa karibu tupu.

Mkanda wa kiunoni uwe na racheti, na uwepo wa pili uliofungwa sehemu tofauti ya bodi. Kabla ya kufunga kitambaa cha chini, na tena kabla ya safari ya kwanza, inua mkia, pindua kadiri unavyoweza, utikise, usikilize. Nati moja iliyosahaulika itatafuta njia mpaka kwenye mkono wa kibawa cha mkia.

Hewani, S-1C yenye aileroni mbili tu kwenye mabawa ya chini ni nyepesi mkononi, ingawa haifikii S-1S, dada yake yenye aileroni nne na bawa la umbo sawa juu na chini. Kuruka kichwa chini kwa bawa la M6, umbo la bawa la S-1C, kunataka usukani usukumwe sana. Ugumu uko ardhini: huoni mbele, miguu imekaribiana, na ndege fupi hugeuka haraka kuliko mguu wako. Kamba za mpira za miguu ya kutua zina nyuzi za rangi zinazoonyesha mwaka na robo ya kutengenezwa. Zisome kabla ya kununua. Jifunze kwanza kwenye S-2, Pitts ya viti viwili, ukiwa na mwalimu, pamoja na njia ya Müller na Beggs ya kutoka kwenye spini: punguza nguvu yote, achia usukani wa mkono, kanyaga mguu wa kinyume mpaka mzunguko ukome. Inafanya kazi kwenye Pitts. Usiibebe kwenye ndege nyingine bila kuijaribu na anayeijua.

Kwa aliye Nairobi: uwanja wa ndege wa Wilson uko futi 5,500 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) inapoteza nguvu takriban asilimia 3 kwa kila futi 1,000. Farasi 150 za karatasini hazifiki 130 hapo. Zungumza na mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kukata bomba la kwanza.

Njia ya bei rahisi kabisa ni mradi alioacha mwingine, bodi imechomelewa, mabawa yamefika nusu. Marekani bado unahesabika kama ndege ya kujijengea iwapo sehemu kubwa ilijengwa na wasio kiwanda, lakini unahitaji daftari na picha za aliyetangulia. Nenda na tochi, timazi na kiwaya chembamba. Angalia boriti chini ya kila bati, kuna doa jeusi au hakuna. Uliza gundi gani ilitumika na mwaka gani. Kama bodi ni nzuri na mabawa yana shaka, lipa bei ya bodi peke yake na uhesabu mabawa kuwa kuni.